Ng'ombe wa Miriam, Mbuzi wa Mama Yake

Jumatatu, 2 Agosti 2021

Wanajeshi wameingia Guildford, mtaa wetu hapa Sydney. Wanajeshi! Nimewaona kwa macho yangu, wawili pamoja na polisi mmoja, wakigonga nyumba iliyo mkabala na yetu kuhakikisha mgonjwa wa korona hajatoka. Nilijitupa chini ya dirisha. Mke wangu Mbula akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia sijafanya lolote, lakini huwezi kujua.

Ghala letu limefungwa. Tunauza viti vya ofisi, na nani anunue kiti cha ofisi wakati ofisi zote zimefungwa? Meneja alituandikia tukae nyumbani, serikali itatupa cha kujishikiza. Mtaa mzima umekunja uso. Mimi nimetulia, kwa sababu mimi nina mpango. Mwezi wa Desemba natimiza miaka hamsini, na siku hiyohiyo naacha kazi. Uhuru wa kifedha! Nimeuandika kwa kalamu nyekundu na kuubandika kwenye friji. Mbula amebandika ratiba ya zamu zake za hospitali juu yake.

Ni kweli mwaka jana mpango uliyumba kidogo. Serikali iliporuhusu watu kuchomoa akiba ya uzeeni, nilichomoa nikanunua sanitaiza. Bei ikaanguka juma lilelile. Katoni zimejaa gereji hadi dari na gari linalala nje. Lakini dereva haachi usukani kwa sababu ya shimo moja.

Jirani yangu Kipchumba, dereva wa basi, aliniambia juu ya ua kwamba yeye hana mpango wowote. Anaweka kidogo kila mwezi, kisha anasahau. Sasa ana nyumba ya pili kule Minto, pembeni mwa jiji. Nilimhurumia. Mtu kuishi bila maono!

Jumatano, 4 Agosti

Mshtuko! Miriam anataka kuolewa. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi. Alitangaza mezani huku anatafuna. Kijana anaitwa Cirhuza, Mkongo wa Bukavu, anaendesha foklifti, mashine ya kuinua mizigo, kwenye ghala la vyakula Minto. Nilimgeukia Mbula tushtuke pamoja. Mbula akaniomba chumvi. Alikuwa anajua tangu Krismasi! Kipchumba naye alikuwa anajua. Paka wa Kipchumba nadhani alikuwa anajua.

Nilifungua mdomo nipinge. Foklifti! Halafu nikakumbuka jambo moja. Watu wa Bukavu hawaji kuposa na bahasha. Wanatoa ng'ombe.

Nikafunga mdomo. Nikasema mapenzi ni kitu kizuri sana.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimefanya utafiti. Sijawahi kuona bei kama hizi! Ng'ombe wa Australia amepanda mwaka huu kuliko nyumba. Mvua zimerudi, wakulima wote wanagombania mifugo, na mimi kumbe nimekaa na mahari ndani ya chumba cha pili. Nilikimbia kumwambia Miriam. Nilisukuma mlango nikapaza sauti, tena kwa Kiingereza, kwamba kwa bei ya ng'ombe yeye peke yake atatulipia nusu ya mkopo wa nyumba.

Alikuwa anafundisha. Siku hizi anafundishia chumbani, kwenye kompyuta. Darasa zima la pili lilinisikia, na mtoto mmoja aliuliza kama mwalimu anauzwa.

Miriam alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye si ng'ombe. Nilimweleza kwa upole kwamba hapo ndipo penye uzuri. Angekuwa ng'ombe tungepata mmoja tu. Akafunga mlango na ufunguo.

Sasa naunda jeshi langu la wazee. Baba wa msichana hazungumzi bei mwenyewe, wazee ndio husema, na mkutano ni Zoom kwa sababu hakuna ruhusa ya kutembeleana. Mzee wa kwanza ni shemeji yangu Ishmael, kaka mkubwa wa Mbula. Yuko Machakos, ni dalali wa mifugo, na akinong'ona mbwa huamka. Wakongo watakoma! Mbula aliniuliza kama nina hakika nataka kumwita Ishmael. Baadaye akaniuliza tena. Nikasema nina hakika kabisa. Akatabasamu. Sikulielewa tabasamu lile, ila nilikuwa na haraka.

Mzee wa pili ni tatizo. Rafiki zangu Wakamba wote wana zamu Jumapili. Imebidi nimwombe Kipchumba. Ni Mkalenjin, lakini kwenye Zoom, na kofia, nani atajua? Nimemfundisha kutikisa kichwa na kusema "ndiyo" kwa Kikamba. Alikubali bila kuomba chochote. Hilo limeniudhi sana.

Jumapili, 8 Agosti

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tulianza saa ya chai ya jioni, asubuhi kule Machakos. Kila mtu kwenye kisanduku chake. Balagizi, baba mdogo wa Cirhuza na msemaji wao, alikuwa jikoni kwake Minto amevaa suti na tai. Cirhuza alikuwa kwake, anatoka jasho kama anapakua shehena. Ishmael alijaza skrini. Nyuma yake aliketi mama mkwe wangu, na kwa sababu adabu ya wakwe hairuhusu tutazamane usoni, walikuwa wamegeuza kiti chake. Nilikiona kitambaa chake cha kichwa tu, kutoka nyuma, tangu mwanzo hadi mwisho.

Balagizi alisalimu Mungu, serikali, Machakos, na wauguzi wote akimtaja Mbula. Kisha akasema wanaleta ng'ombe sita. Ishmael akanguruma kumi. Walivutana mpaka wakakutana kwenye nane. Safi sana. Lakini ng'ombe wa wapi? Hakuna aliyeuliza! Nilijizuia. Nikashindwa. Nikawasha maikrofoni nikasema ng'ombe tunaoongelea ni wa hapahapa, Angus, weusi, wa shambani Australia.

Balagizi akavua miwani.

"Muzee," akasema, "weye unataka ngombe ao unataka ndege?"

Alisema dada zake wote wameolewa kwa ng'ombe wa Bukavu na hakuna aliyewahi kuwaomba pasipoti. Mambo yakawa magumu. Ishmael ndiye aliyeniokoa. Alitoa kanuni, kwa sauti ya mnadani, kwamba mnyama huhesabiwa kwa bei ya kule anakoishi mtoaji. Balagizi anaishi Minto, basi ni bei ya Minto. Nilipiga makofi. Nilisema hiyo ndiyo hekima ya wazee wetu. Kipchumba alitikisa kofia na kusema ndiyo. Balagizi alimtazama Cirhuza, akasema basi, kwa ajili ya mtoto.

Ng'ombe wanane wa bei ya Minto! Nilishika meza nisiruke.

Hapo ndipo Ishmael alipokohoa. Alisema kabla hatujafunga kuna jambo dogo tu la kufahamu. Huyu msichana ni wa nani? Nikacheka, nikasema ni wangu. Akauliza ntheo yake iko wapi.

Mungu wangu. Kwetu Ukambani mwanamume hupeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, ndiyo ntheo. Bila mbuzi hao, hata mkae pamoja mpaka meno yadondoke, huyo si mke wako. Ni binti wa watu aliyekutembelea, na mtoto mtakayemzaa ni wa babu na bibi yake. Mimi na Mbula tulikuwa wanafunzi hapa Sydney. Tulifunga ndoa ofisi ya serikali Parramatta, mvua inanyesha, mashahidi wawili tuliowaokota kwenye foleni. Mbuzi nilisema nitapeleka mwakani. Na mwakani nikasema mwakani. Ni mbuzi watatu! Nani angejua kuna mtu anawangoja?

Ishmael akatoa hukumu. Mtoto ni wa kwao. Ng'ombe wote wanane, kwa bei ileile niliyoipigania, wanakwenda Machakos kwa mama mkwe. Balagizi alifurahi mno, akasema leo ameona sheria. Mama mkwe alipiga kigelegele bila kugeuka. Nilimtazama mzee wangu wa pili anitetee.

Kipchumba alitikisa kichwa na kusema ndiyo.

Jumatatu, 9 Agosti

Sijala. Helikopta ya polisi imezunguka asubuhi yote juu ya nyumba yetu. Kana kwamba mimi ndiye nimeiba.

Kipchumba aliniuliza juu ya ua kama wazee wa Kikamba hulipwa nauli. Akaongeza kwamba yeye alimaliza mahari yake yote kabla ya kupanda ndege kuja huku. Sikuwa nimemuuliza.

Mbula alirudi kutoka zamu, alama ya barakoa bado iko puani. Nilimwambia tumeporwa. Akasema hajaona aliyeporwa. Nikamwomba ampigie kaka yake amweleze kwamba hayo ni mambo ya zamani. Alivua viatu polepole. Akasema ni kweli, ni ya zamani sana. Kisha akaenda kulala.

Alhamisi, 12 Agosti

Nimepata! Nilikuwa naoga. Dawa ya kukosa ntheo ni nini? Kutoa ntheo! Nikipeleka mbuzi watatu sasa, kabla ng'ombe hawajalipwa, Miriam anakuwa wangu na ng'ombe wanarudi kwangu. Mbuzi watatu kwa ng'ombe wanane. Huu si mchezo, huu ni uwekezaji. Nilimpigia Ishmael nikiwa bado na taulo.

Alifurahi sana. Alisema karibu nyumbani. Kisha akanikumbusha kwamba mnyama huhesabiwa kwa bei ya kule anakoishi mtoaji, na kwamba nilimpigia makofi kwa kanuni hiyo.

Nilikwenda kwa muuza nyama hapa Guildford kuulizia mbuzi. Nilimwomba arudie. Nikamwomba avute barakoa arudie tena. Bei ya mbuzi mmoja wa hapa inanunua zizi dogo la mbuzi Machakos!

Nilijaribu kumshawishi Ishmael achukue sanitaiza badala yake. Aliuliza kama inanyweka. Akaongeza blanketi la mama na sukari, faini ya kuchelewa. Na kuhusu wana ambao mbuzi wale wangewazaa miaka yote hii, alisema hilo atalala nalo kwanza.

Jumamosi, 21 Agosti

Ntheo imetolewa. Televisheni kubwa imekwenda, na pesa ya serikali pia.

Mke wa Ishmael ndiye aliyeshika simu. Niliona nyasi, niliona mbingu, niliona kidole gumba chake kwa muda mrefu. Kisha niliona mbuzi wamepakwa mafuta, wanang'aa kama viatu vya harusi. Nilihesabu saba. Nikauliza mbona saba. Ishmael alisema wale wengine ni wageni. Mmoja alichinjwa, moshi ukapanda, ukoo mzima wa Mbula ukaanza kula mbuzi wangu huku mimi Guildford nikila tambi za kikombe. Balagizi alikuwepo pia, na suti yake. Alisema kwa heshima kwamba nyama inaonekana laini. Nikamjibu asante.

Kisha mama mkwe alizungumza, mgongo umetugeukia. Alisema leo Mbula ameolewa. Alisema sasa anaweza kunywa maji nyumbani kwangu.

Nilishtuka hadi uma ukaniponyoka. Mwaka 2009 nilimnunulia huyu mama tikiti ya ndege. Tikiti ya kweli, kwenda na kurudi! Akakataa kuja, na wakati wote nilidhani anaogopa ndege. Kumbe hawezi kula nyumbani kwa mtu asiye mkwe wake.

Nikamgeukia Mbula nimwambie. Analia. Si machozi ya harusi yale ya kufuta kwa kidole, ni kilio cha kutikisa mabega, na yunifomu ya kazi amevaa. Watu wengi wamefia mikononi mwake mwaka huu na sijamwona analia hivyo. Nilimuuliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia kila mwaka.

Nilimshika mkono. Nilijisikia mtu mbaya, kisha nikajisikia nimeoa upya, kisha vyote kwa pamoja. Tulikaa hivyo mpaka tambi zikapoa.

Baadaye nilimwuliza Ishmael, kwa adabu, kuhusu ng'ombe. Alisema makubaliano yalifungwa tarehe nane, na tarehe nane mtoto hakuwa wangu. Hayafunguliwi tena. Kuhusu Mbula, alisema ntheo ni kufungua mlango tu. Mahari yenyewe bado inangojewa. Hakuna haraka. Nilete mifugo siku nitakayoweza, mbele ya wazee, si maneno.

Nikasema bila shaka. Mwakani.

Jumapili, 22 Agosti

Mshtuko juu ya mshtuko. Mama mkwe amewagawa ng'ombe wote! Amesema yeye ni mzee, ng'ombe wanane wa Australia atawapeleka wapi, basi pesa zibaki hukuhuku zimsaidie Miriam na mumewe kuanza maisha. Balagizi alilia kwenye simu. Alisema hajawahi kuona ukoo kama huu. Cirhuza alinipigia kunishukuru, akiniita baba. Kanishukuru mimi! Nilimkubalia.

Miriam alinikumbatia. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba hajawahi kumwona mama yake vile, na kwamba ananipenda ingawa nina wazimu. Nilitaka kufurahi, na nilifurahi. Lakini mtoto wa miaka ishirini na minne ana mtaji na mimi nina katoni za sanitaiza!

Watapanga nyumba Minto mpaka wapate ya kununua. Nyumba nzuri, ya matofali, karibu na kazi. Nikauliza ni ya nani.

Ya Kipchumba.

Jumanne, 24 Agosti

Tangu jana hakuna kutoka nje usiku. Nimebaki nawaza.

Leo nimepigiwa simu na wanaume watatu wa kanisani, kila mmoja kwa siri, kila mmoja anazungumzia bafuni. Wamesikia habari za mbuzi wangu. Kumbe nao hawakutoa kitu! Walioana huku wakiwa wanafunzi, wakaahidi mwakani, na sasa mabinti zao wamekua. Mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anaweza kutoa mbuzi kwa simu na ikahesabika.

Niliganda. Nimelipia somo, sasa kwa nini nisiliuze? Sydney nzima imejaa wanaume wenye deni la mbuzi, na mipaka imefungwa, hawawezi kusafiri. Atakayekuwa na mbuzi tayari kule Machakos, wamepakwa mafuta, na mtu wa kushika simu vizuri, huyo hana haja ya kungoja Desemba.

Mtu lazima ashike usukani, hasa nyakati kama hizi.

Ijumaa, 10 Septemba

Nimeacha kazi! Meneja alidhani natania. Malipo ya likizo zangu za miaka yote yaliingia juzi, na jana yote yakawa mbuzi. Arobaini, majike wazuri, wenye afya. Bei ya Machakos! Mtu akitulia, soko lenyewe humfuata.

Sasa ajabu ya Ishmael. Nilijua atanibana kwa malisho, kwa zizi, kwa mchungaji. Nilikuwa nimejiandaa kubishana asubuhi nzima. Hakuomba hata senti! Alisema atawapokea mbuzi wote uani kwake kwa mikono miwili. Alichoomba ni kitu kimoja tu, nimtumie ujumbe wa sauti kwamba mbuzi hao arobaini wametoka kwangu mimi Muema, mume wa Mbula, kwa hiari yangu. Ni mambo ya utaratibu. Nilirekodi mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza helikopta ilipiga kelele.

Ametuma video leo. Heshima gani hii! Wazee wote wa ukoo wamekaa mstari mmoja na kofia zao, na kila mbuzi akipita wanapiga makofi. Mama mkwe amevaa nguo ya kanisani. Anapiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Kwa biashara ya mkwe wake tu! Watu husema ndugu wa mke hawafurahii maendeleo yako, lakini si wa kwangu.

Mbula aliitazama video nyuma ya bega langu hadi mwisho. Aliniuliza kama najua nilichokifanya. Nikasema najua sana, nimekuwa mtu huru. Akanibusu utosini, jambo ambalo hajalifanya siku nyingi, akaondoka kwenda zamu akiimba.

Kipchumba naye alinipa mkono juu ya ua, akasema hongera, hakudhani ningewahi kumaliza. Nilimwambia huu ni mwanzo tu. Mteja wa kwanza anataka watatu Jumatatu, na nimeshamwandikia Ishmael awatenge. Bado hajajibu. Lazima ana kazi nyingi na mbuzi wote wale.